Uhasibu au kilimo huku Kusini: namna ya kuchagua chuo na pa kwenda fildi

Kijana wa Mtwara au Lindi akiniambia anataka kusomea uhasibu, namuuliza: kwenu ufuta unavunwa mwezi gani? Akiniambia anataka kilimo, namuuliza: mkulima amepeleka kilo 412 za korosho, ataondoka na shilingi ngapi mkononi? Simtegi. Nataka ajue mapema kwamba huku kwetu kazi hizi mbili zinakutana kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika, na asiyejua cha mwenzake atahangaika.

Mimi ni mhasibu. Nimesomea Mtwara, na kazi yangu kwa miaka yote hii imekuwa kwenye vyama vya msingi vya ushirika, zaidi upande wa Tandahimba na Newala. Kila mwaka napokea wanafunzi wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Mdogo wangu wa kiume ni bwana shamba, kwa hiyo ya kilimo nayajua kwa kuishi nayo nyumbani. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia wadogo zangu wanaonipigia simu, na wazazi wao pia, maana mara nyingi mzazi ndiye anayechagua kozi.

Kwanza, vyuo vilivyo karibu

Si lazima uende Dar es Salaam. Uhasibu upo mjini Mtwara, kwenye kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA. Mwenye cheti cha kidato cha nne anaanza na astashahada ya awali, mwaka mmoja, kisha stashahada, miaka miwili. Pale Mtwara kipo pia Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, STEMMUCO, kilicho chini ya SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kwa wanaotafuta shahada. Kwa kilimo kipo chuo cha Wizara ya Kilimo, MATI Mtwara, upande wa Naliendele, jirani na kituo cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo. Ujirani huo ni mali, nitaurudia. Anayependa bahari kuliko shamba aulizie FETA pale Mikindani, wanafundisha uvuvi.

Sifa za kuingia astashahada kwa kawaida ni ufaulu wa angalau D nne kidato cha nne, masomo ya dini hayahesabiwi. Kwa kilimo wanaangalia pia masomo ya sayansi, Baiolojia na Kemia yakiwa mbele. Kila kozi na masharti yake yameandikwa kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, ambao hutoka kila mwaka. Pakua wa mwaka wako, usitumie wa kaka yako. Humo utaona pia kama chuo kimesajiliwa na kama kozi yenyewe imeidhinishwa. Angalia vyote viwili, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na usajili halali na bado kikatangaza kozi ambayo haimo kwenye orodha.

Ada lipa kwa namba ya malipo inayotolewa na chuo, na risiti ukaitunze. Mtu akikupa namba yake ya simu akakwambia "nitumie, mimi nitakuingizia," hilo si jambo la udahili.

Jambo moja wazazi wengi hawajalisikia: tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa baadhi ya kozi za stashahada, na kilimo na mifugo vimo kwenye makundi yaliyopewa kipaumbele. Mtoto wa mkulima aliyefaulu sayansi asikae nyumbani kwa sababu ya ada kabla hajasoma mwongozo wa mikopo wa mwaka husika na kuomba dirisha likiwa wazi. Andaa mapema cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA. Hivyo viwili ndivyo vinavyokwamisha watu wa huku.

Uhasibu au kilimo?

Nitasema ninavyoona mimi. Mwenye kupenda kukaa na jambo mpaka liishe, anayekereka akiona hesabu haifungi kwa shilingi hamsini, aende uhasibu. Anayeweza kumsimamisha mzee shambani saa tatu asubuhi, akamsikiliza robo saa kabla ya kumshauri, aende kilimo. Kufaulu hesabu darasani peke yake hakutoshi kuamua. Nimeona vijana wenye A ya hesabu wasioweza kumweleza bibi kwa nini amekatwa fedha, na bibi akaondoka akiamini ameibiwa.

Lakini kozi yoyote utakayochagua, jifunze nusu ya pili kwa mlango wa nyuma. Nachingwea mnaijua habari ya mpango wa karanga wa Waingereza. Ulianza mwaka 1947, ukafutwa 1951, mamilioni ya pauni yakapotea. Bajeti ilikuwepo, matrekta yalikuwepo, na reli ikajengwa kutoka bandari ya Mtwara. Udongo na mvua havikupimwa vya kutosha kabla ya kupanga. Kwa mwanafunzi wa uhasibu hilo ni somo lililo mlangoni kwake.

Anayejijua kwamba anataka ushirika hasa, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina kozi inayounganisha usimamizi wa ushirika na uhasibu. Ni mbali na nyumbani, lakini waliotoka huko huwa hawahitaji kufundishwa upya chama ni nini.

Fildi: panga kwa kalenda ya mazao

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu wengi wanapoteza fildi yao hapa.

Vyuo vingi vinatoa wanafunzi kwenda mafunzo kwa vitendo kati ya Julai na Septemba. Mwanafunzi anatafuta ofisi yenye kiyoyozi mjini, anapewa kazi ya kutoa nakala na kupeleka barua, miezi inakwisha. Ripoti anaandika kwa kunakili ya mwenzake. Wakati huohuo, wilayani, kazi zimejaa na watu hawatoshi.

Tazama kalenda yetu. Ufuta unavunwa kuanzia Mei hivi, na minada yake inaingia Juni na Julai. Lindi hapo ndipo penyewe: Kilwa, Nachingwea, Liwale, Ruangwa, Mtama. Baada yake zinakuja mbaazi. Korosho minada yake hufunguliwa Oktoba na kuendelea hadi mwisho wa mwaka au kuvuka kidogo. Sasa, mwanafunzi wa uhasibu mwenye fildi ya Julai hatauona mnada wa korosho, lakini ufuta na mbaazi atavikuta vikiwa motoni. Mfumo ni uleule wa stakabadhi ghalani, yaani mazao yanakusanywa ghalani kwa stakabadhi kisha yanauzwa kwa mnada, nyaraka zinafanana, na mnada wenyewe siku hizi unapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX. Akiomba chama cha msingi cha Nachingwea mwezi Julai atajifunza kuliko aliyekwenda Tandahimba mwezi huohuo akitaraji korosho.

Mwanafunzi wa kilimo ni kinyume chake. Julai na Agosti mikorosho inachanua, ugonjwa wa ubwiri unga unashambulia maua, mdudu aitwaye mbu wa mikorosho naye yumo, na wakulima wanapulizia. Huo ndio wakati wa kuwa Newala, Tandahimba au Masasi ukiwa na buti. Utajifunza kwa nini salfa ya unga hupuliziwa alfajiri kabla upepo haujaamka, na umande ungali kwenye majani. Utaona mikorosho iliyopandwa mita 12 kwa 12, kama miti 28 kwa ekari, na shamba la jirani lililosongamana mpaka matawi yanashikana, kisha utaelewa kupogolea ni kwa ajili ya nini. Kitabuni ni mstari mmoja tu.

Anayetaka maabara na vitalu aombe TARI Naliendele. Wao ndio wenye dhamana ya utafiti wa korosho, na ufuta na karanga pia wanazifanyia kazi. Kubebesha miche kunajifunzwa kwa mkono, na mkono unataka kurudia. Omba mapema sana, maana wanafunzi wa vyuo vikuu kutoka mikoa mingine nao wanapaangalia hapohapo. Wa MATI mna bahati ya kuishi jirani. Msingoje mwezi wa fildi, nendeni mkajitambulishe mkiwa bado mwaka wa kwanza.

Namna ya kuomba

Barua ya utambulisho ya chuo haitoshi. Andika na yako. Kwa chama cha msingi, ielekeze kwa Mwenyekiti wa Bodi kupitia kwa Meneja au Katibu, na nakala mpe Afisa Ushirika wa wilaya, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuhamishia chama kingine wakikosa nafasi. Kwa halmashauri, andika kwa Mkurugenzi Mtendaji na utaje idara unayoitaka: fedha, au kilimo. Vyama vikuu, vinavyounganisha vyama vya msingi, navyo vinapokea: TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, Lindi Mwambao kwa pwani ya Lindi. Bodi ya Korosho makao makuu yake yapo Mtwara mjini.

Barua iwe fupi. Hii hapa ni ya mfano, ibadilishe iwe yako:

"YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MAFUNZO KWA VITENDO, JULAI HADI SEPTEMBA

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, stashahada ya uhasibu. Naomba kufanya mafunzo kwa vitendo katika chama chenu kipindi cha msimu wa ufuta na mbaazi. Ningependa kujifunza mapokezi ya mazao, uandishi wa leja za wakulima, usuluhishi wa taarifa za benki na maandalizi ya malipo baada ya mnada. Naweza kutumia kompyuta kwa kazi za majedwali. Nitajitegemea kwa chakula na malazi. Barua ya chuo na nakala ya kitambulisho nimeambatanisha."

Mstari wa malazi usiuache kama kweli una pa kukaa. Viongozi wengi wanakataa wanafunzi kwa kuhofia watawalaza wapi. Kama una mjomba Mahuta au Kitangari, sema.

Peleka barua kwa mkono mwezi Aprili au mapema Mei, kisha fuatilia kwa simu kwa adabu. Na ukifika ofisini, salamu kwanza. Wapo watoto wanaoingia wakiwa wameshika simu, wanasema "nimekuja kuulizia fildi," huku mwenyekiti, mtu mzima wa kuitwa babu, amekaa mbele yao hajapewa hata shikamoo. Nafasi yao inafia hapohapo mlangoni.

Ukishafika chamani, fanya nini?

Usikae ofisini siku za mwanzo. Nenda kwenye mizani. Mwangalie karani anavyosawazisha mizani kabla ya gunia la kwanza, anavyokagua ubora, anavyoandika stakabadhi ya mkulima na nakala inavyobaki. Kisha fuata mzigo. Gari linapakia, hati ya kusafirishia inaandikwa, mzigo unapokelewa ghala kuu na kupimwa upya, mwendesha ghala anatoa stakabadhi ya ghala. Mnada unafanyika, mnunuzi analipa, fedha zinashuka mpaka akaunti ya mkulima benki. Mwanafunzi aliyefuata gunia moja toka shambani mpaka benki ameshapata ripoti yake.

Hesabu ya mkulima mmoja ni hii, kwa namba za mfano tu. Kilo 412, daraja la kwanza, bei ya mnada shilingi 3,000. Zidisha: 1,236,000. Makato yote kwa kilo, ya chama cha msingi, chama kikuu, usafiri na ghala, tuseme ni 200, yanakuwa 82,400. Mkulima anabaki na 1,153,600. Ni hesabu ya darasa la saba. Ugumu unakuja pale unapotakiwa kumweleza mwenye korosho kila shilingi ya makato imekwenda wapi, na kumwonyesha kwenye karatasi. Jizoeze kuieleza kwa sauti, na kama unajua Kimakonde au Kimwera, eleza kwa hicho.

Msimu mmoja tulikuwa na binti wa uhasibu aliyeleta leja yake mezani akasema hesabu imekataa. Daftari la mapokezi lilisema kilo 10,050, stakabadhi ya ghala ikasema 9,985. Kilo 65 hazionekani. Alikwisha kujumlisha upya, stakabadhi kwa stakabadhi, na kila safari jumla ilikuwa ileile. Siku hiyo palikuwa na kijana wa kilimo, naye yupo fildi. Akauliza mzigo ulikaa siku ngapi chamani, akaenda kutia mkono kwenye magunia yaliyobaki, akatoa korosho chache, akazitikisa karibu na sikio, akasema zilipokelewa zikiwa bado na unyevu, zimekauka zikiwa hapa. Binti akaandika maelezo ya unyaufu, akaambatanisha tarehe za mapokezi na za kusafirisha, yule kijana akatia sahihi kama shahidi wa ukaguzi wa magunia. Walikaa benchi moja mpaka jioni, mmoja anasoma tarehe, mwingine anaandika. Upungufu wa namna hiyo ukiachwa bila maelezo, COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, wakija kukagua chama unageuka hoja, na hoja inageuka deni la mtu.

Kwa hiyo wa kilimo nanyi mkae kwenye daftari. Pembejeo ndiyo njia rahisi ya kuanzia. Mifuko ya salfa ya kilo 25 inaingia, inagawiwa kwa wakulima waliosajiliwa, inabaki. Chukua daftari hilo ulifunge: iliyopokelewa, iliyotoka, iliyobaki stoo, halafu nenda stoo uhesabu kwa macho. Bwana shamba anayeweza kufanya hivyo vyama vinamgombania. Wa uhasibu, ombeni kuonyeshwa MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika ambao vyama vinautumia kutunza taarifa zao. Mwombe meneja ukae pembeni yake anapoingiza. Nywila yake usiiombe, na akikupa kwa wema, usiipokee.

Yapo mambo mwanafunzi asiyafanye kabisa. Usisaini stakabadhi badala ya karani. Usishike fedha taslimu za chama. Usikubali kubadili kilo "kidogo tu" kwa kuwa mtu mzima amekuambia. Na usijiingize kwenye kangomba. Wanaonunua korosho kwa mlango wa uani, kwa vipimo vyao, wanapenda sana vijana wanaojua nyumba za wakulima. Ukionekana nao mara moja kijijini, imani ya watu kwako imekwisha, na jina la chuo chako linakwenda nalo.

Maisha ya kijijini

Uwanda wa Makonde una shida ya maji, hasa miezi hiyo ya kiangazi. Beba ndoo yenye mfuniko na uulize bei ya maji kabla ya kuulizia bei ya chumba. Jioni za Julai kule juu Newala kuna baridi, chukua sweta. Usiku umeme ukikatika, ripoti iwe na nakala kwenye flashi au kwenye barua pepe yako. Wa Liwale waulize hali ya barabara, ingawa kiangazi inapitika vizuri kuliko masika. Posho usiitegemee. Vyama vingi havina fungu hilo, wakikupa nauli shukuru.

Daftari la kumbukumbu lijazwe siku hiyohiyo, jioni, si wiki ya mwisho. Usiandike "nilisaidia kazi za ofisi." Andika "nilisuluhisha taarifa ya benki ya Juni, nikakuta hundi moja haijapita." Msimamizi wa chuo akija, kwa kawaida anakuja mara moja, atasoma hapo kwanza.

Baada ya chuo

Fildi ya chuo na mafunzo ya uzoefu wa kazi kwa wahitimu ni vitu viwili. Haya ya pili ni ya waliokwisha kumaliza, na njia ya serikali inapitia TaESA, Kitengo cha Huduma za Ajira. Jisajili kwao mara tu unapopata matokeo. Jisajili pia kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira kwa nafasi za umma. Wa kilimo mfuatilie matangazo ya BBT, programu ya Wizara ya Kilimo ya kuwaingiza vijana kwenye kilimo. Huku kwetu imegusa pia korosho.

Anayetaka kuendelea na shahada baada ya stashahada atahitaji namba ya uhakiki ya NACTVET, AVN. Iombe kabla dirisha la vyuo vikuu halijafunguliwa.

Wahasibu, kuna NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Mitihani yao hufanyika Mei na Novemba. Huhitaji kungoja shahada, ngazi za chini za ufundi uhasibu, ATEC, zinaanza mapema, na kutoka hapo ngazi zinapanda mpaka CPA, cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu. Ukiwa Kusini, angalia Novemba kwa makini: ndiyo katikati ya msimu wa korosho, chamani hapatakuwa na ruhusa. Mimi nawashauri wanaofanya kazi kwenye vyama wakae mtihani wa Mei, waanze kusoma Januari malipo ya wakulima yakishatulia.

Siku ya mwisho ya fildi usiondoke bila vitu vitatu: daftari la kumbukumbu lililogongwa muhuri kila wiki, barua ya kuthibitisha ulichofanya, na namba ya simu ya meneja. Kisha Septemba mwishoni, kama ratiba ya chuo inaruhusu, mpigie umuulize kama watahitaji makarani wa msimu. Vyama vingi huwatafuta wakati huo, na wanaanza na wale waliokwisha kuwaona kwenye mizani.